Mahali pa Kupiga Hema la Mama

Bawshar, Maskati
Jumatano, 21 Januari 2026

Dada yangu mpenzi Hind,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Thani na watoto, na kwamba mgongo wako umetulia tangu ulipoacha kulalia lile godoro laini. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu ni ya kiasi. Asubuhi tunavaa sweta, ikifika adhuhuri tumeshazivua. Mama anakusalimu sana, na kaniambia nikuulize kama ule mdalasini uliomwahidi ungalipo au umeshaunywa peke yako.

Mkono wake unaendelea vizuri. Daktari kasema mfupa umekaa sawa na plasta itatolewa kabla ya Ramadhani. Kinachomtesa ni muwasho. Anajikuna ndani ya plasta kwa sindano ya kufumia. Nimeshamficha mbili, na naamini anayo ya tatu.

Nataka kukueleza upya habari za kambi, tangu mwanzo, kwa sababu niliyokusimulia kwenye simu hayakuwa kamili. Daftari langu la kila siku liko mbele yangu, kwa hiyo tarehe ni za kweli.

Unajua kwamba tangu Baba alipofariki ni mimi niliyekuwa nikichagua mahali pa kambi kila majira ya baridi. Nilikuwa naendesha gari peke yangu wiki mbili kabla, nikapaangalia na kuandika: kama gari ya kawaida inafika, choo kiko wapi, upepo unatokea upande gani, simu inashika au haishiki, hospitali ya karibu ni mwendo gani, na kama Mama na goti lake ataweza kutoka hemani mpaka kwenye zulia bila kukanyaga mawe. Na ile kawaida yetu unaikumbuka. Aliyechagua mahali ndiye anayepiga kigingi cha kwanza cha hema la Mama, na watu wote wanasubiri mpaka amalize. Mimi sina mume wala mtoto, Dada. Kwa dakika ile moja katika mwaka, watu kumi na sita walisimama wakiningoja mimi.

Mwanzoni mwa Desemba ndugu yetu Jaifar akasema nimechoka na mwaka huu nipumzike, mkewe atachagua. Alisema kwa upole, mbele ya Mama, na Mama akaitikia kabla sijafungua mdomo. Basi Taghreed akatengeneza jedwali kwenye kompyuta, lenye rangi, na picha zilizopigwa kutoka angani. Aliweka mahali patatu: mlima wa Jabal Shams, mchanga wa Sharqiyah, na ufuo mmoja mdogo kabla ya kufika Fins. Akamuuliza kila mtu anapenda nini, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya hata mwaka mmoja. Jabal Shams ikaachwa kwa sababu ya baridi na goti la Mama. Sharqiyah ikaachwa kwa sababu gari yangu ingenasa mchangani, na Jaifar alilitamka hilo mara mbili, watoto wakacheka kwamba itabidi shangazi Khulood aje kwa ngamia. Ukabaki ufuo.

Sitakuficha nilivyokuwa. Nilianza kuandika kwenye daftari kila sifa aliyopewa Taghreed. Tarehe 4 Desemba: Mama kamsifu Taghreed mara tatu, moja mbele ya wageni. Tarehe 9: Jaifar kasema mwaka huu kwa mara ya kwanza anajua anakokwenda. Tarehe 11: Mama kasema Taghreed ana macho ya kuona pazuri. Miaka kumi na moja nimempeleka Mama, na jiwe halijamchoma mguu, lakini sikumbuki kama alipata kusema kitu juu ya macho yangu. Na maswali yote ya jedwali lile, la choo na la upepo na la hospitali, yalikuwa yangu. Yeye aliyatia rangi tu.

Tulifika Alkhamisi, mwaka mpya, alasiri. Palikuwa pazuri kweli, na hilo liliniuma zaidi. Taghreed akachukua nyundo, kisha akaninyooshea mimi, akasema dada mkubwa yupo, yeye hawezi kutangulia. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba aliyechagua ndiye anayepiga. Akapiga. Hema la Mama likawa la mbele kabisa, maana Mama alitaka aamke aione bahari. Mengine yakalizunguka. Langu nikalipiga juu, nyuma ya mgunga mkubwa, nikasema napenda kivuli.

Ijumaa kutwa ilikuwa furaha. Mishkaki, mihogo ya kuchoma, Mama akiwafundisha wajukuu kupika mkate wa kumimina juu ya jiko la gesi na kuwatukana kila ukiungua. Jumamosi, saa tatu na kitu asubuhi, tulikuwa kwenye chai. Mama alikuwa hemani akijipaka mafuta ya goti. Maji yalikuwa yakipanda tangu alfajiri, na hakuna aliyeyaangalia. Wimbi moja halikurudi lilikotoka. Likapita chini ya hema, likaingia kwenye zulia na kuondoka na viatu na birika. Mama akatoka mbio na goti lake bovu, akateleza juu ya zulia lililolowa, akaangukia mkono. Nilisikia mlio wa mfupa. Haya ya kuanguka nilikwambia.

Ambalo sikukwambia ni la hospitalini Sur. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kungojea, sote tuna chumvi mpaka kwenye nywele. Jaifar akamgeukia mkewe mbele yetu, akamwambia kwamba watu wa kwao Nizwa wanajua mifereji ya falaji tu, bahari wameijulia wapi, na kwamba kumweka mama wa watu mbele ya maji ya mwezi mpevu ni ujinga wa mtoto mdogo. Kisha akamuuliza, kweli hukuuliza mtu yeyote? Taghreed akaniangalia, si kwa muda mrefu, halafu akasema hakuuliza mtu.

Tangu siku ile kila kitu kimenirudia. Mama anawaambia wageni kwamba hatofuata tena kompyuta, kazi ni ya Khulood. Jaifar kaniomba nichague mahali pa kambi fupi kabla ya Ramadhani. Na wewe ulimpelekea Taghreed ule ujumbe, kwamba kidogo amuue mama yako kwa kutaka kusifiwa. Jaifar alinisomea. Nilifurahi, Dada. Niliandika kwenye daftari, tarehe 5 Januari, kwamba nimelala vizuri.

Taghreed aliuliza mtu. Aliniuliza mimi. Tarehe 18 Desemba alikuja chumbani kwangu na picha za ufuo ule, akakaa chini kwenye mkeka, akasema yeye bahari haijui, mimi nina madaftari yangu, tafadhali nimtazamie kama pana neno. Nikamwambia sijawahi kufika huko, lakini panaonekana pazuri.

Nilifika. Nilikwenda na walimu wa shule yetu mwaka 2020. Asubuhi ile ile ya Desemba nilikuwa nimeshalitafuta daftari la mwaka ule na kuusoma ukurasa. Naunakili kama ulivyo: "Jumamosi, 8 Februari. Bamvua. Saa tatu na nusu asubuhi maji yamefika kwenye shina la mgunga mkubwa. Mwezi ukiwa mpevu, Mama asiletwe hapa."

Nilidhani mazulia yatalowa, watu watacheka, na mwakani watarudi kwangu. Sikutaka Mama aumie. Lakini nilisimama pale nikakiangalia kigingi kinaingia mchangani, mgunga ukiwa nyuma yetu wote, na sikusema. Hilo ndilo nililolifanya, na siwezi kuliita jina jingine.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Taghreed nikamwambia. Hakushangaa. Kumbe alijua tangu tulipokuwa tukikusanya vyombo majini, alipotazama juu akaona hema moja tu ni kavu. Nikamuuliza kwa nini basi alinisitiri. Akasema Mama ana mkono mmoja sasa, anaogeshwa na mimi, anachanwa nywele na mimi. Angelisema pale hospitalini, nani angemwogesha Mama, na Mama angekubali kuguswa na nani? Jaifar, alisema, atamnunia wiki tatu kisha atachoka. Hata kwa hilo nilimwonea wivu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kwamba yeye ndiye aliyeliwaza, si mimi binti wa Mama.

Keshokutwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nitawaambia Mama na Jaifar. Kambi ya kabla ya Ramadhani nimeikataa. Kama Mama atasema nisimwogeshe, nitamwomba Taghreed aje, na nitamwonyesha sabuni ipi haimwashi. Nimekuandikia wewe kwanza, tena kwa karatasi, kwa sababu ujumbe wa simu ningeliufuta kabla hujausoma, najijua. Jirani yetu Wael anasafiri kesho kuja Unguja, na hii nampa leo.

Ninalokuomba ni moja. Mpigie Taghreed uyaondoe yale maneno. Usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekuomba. Mwache aone yametoka kwako.

Nisalimie shemeji Thani, uwabusu watoto mmoja mmoja, na wote wanaotuulizia hapo Unguja wafikishie salamu zetu. Mungu akuweke na akuhifadhi mpaka tuonane.

Wassalaam,
mdogo wako,
Khulood