Nyanya, Naomba Kubaki na Jina Lako

Granville, Sydney
Jumapili mchana

Kwa Nyanya mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Magoti yanaendeleaje? Baba alituambia kwamba baridi ya Nyeri imeyarudia tena, na kwamba unakataa kupumzika kwa sababu ya ng'ombe. Tafadhali mwachie Shangazi Wairimu kazi ya kukama, hata kama anamwaga maziwa. Huku sisi ni wazima, ila tumechoka. Mama anafanya zamu mbili katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba anaendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany hadi maghala ya Wetherill Park, na siku nyingine hulala kwenye kiti kabla hajavua viatu. Mimi nasoma. Nikitoka shuleni naenda maktaba, kwa sababu huko hakuna anayeniuliza kitu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikuyu changu ni cha kuongea tu, na jambo hili siwezi kuliongea. Kwenye simu ningenyamaza, nawe ungeanza kuuliza kama nimekula.

Mwaka jana Mama alikueleza kwamba mimi ni mvulana. Najua ulimjibu kwamba mvua imenyesha vizuri. Sasa naomba nikueleze mwenyewe. Si kitu nilichokiokota Australia. Ulinilea tangu nikiwa mtoto mchanga, Baba na Mama waliponileta kwako ili wapate kufanya kazi, mpaka nilipofika darasa la nne. Unakumbuka Jumapili uliyonivalisha rinda jipya, nami nikajificha nyuma ya tangi la maji mpaka ibada ikaisha? Ulidhani naogopa watu. Kweli niliogopa watu, lakini niliogopa rinda zaidi.

Hapa shuleni wamezoea. Tatizo ni cheti cha kuzaliwa. Nilizaliwa hapa Sydney, na cheti changu kinasema mimi ni wa kike. Kinaombwa kila mahali: kujiandikisha, leseni ya kujifunza kuendesha gari, kazi ya Jumamosi. Mtu anatazama karatasi, ananitazama mimi, anarudi kwenye karatasi, na mimi naanza kujieleza huku foleni yote inasikiliza. Unajua nilivyo, naona haya hata kuuliza choo kiko wapi. Nimechoka kujieleza, Nyanya.

Sheria inaruhusu kubadilisha, lakini kwa kuwa bado mimi ni mdogo, Baba na Mama wanatakiwa kutia sahihi. Mama alitia. Alikuwa ameshavaa sare ya kazi, akaandika polepole na kusema, "Nimeosha watu wa kila aina. Sijaona aliyekufa kwa sababu ya karatasi." Baba hakutia.

Unajua anavyoniita. Kwa kuwa mimi ni kifungua mimba na nilipewa jina lako, hajawahi kuniita Nyambura. Ananiita Maitu, mama yangu. Akirudi kutoka bandarini, anauliza mlangoni, "Maitu amekula?"

Jana asubuhi niliweka karatasi mezani kando ya chai yake.

"Maitu, ni nini hii tena?"

"Ni ile ya cheti, Baba."

Aliisoma mpaka chini, akaisukuma. "Mimi nina mama wawili. Mmoja yuko Nyeri, anakama ng'ombe. Mwingine yuko hapa, na sasa anataka kufuga ndevu."

Mama alicheka mpaka akapaliwa na chai. Hata mimi nilicheka kidogo.

"Sijaomba ndevu," nikasema. "Nimeomba sahihi."

"Na mimi nitakuita nani? Umeona wapi mtu ana mama mwanamume?"

"Mwite vile umezoea," Mama akasema. "Mimi kanisani naitwa Mama Nyambura. Nimelalamika?"

"Wewe ngoja wasikie. Watakuita Mama Nani?"

"Mama Nyambura," nikasema. "Jina sibadilishi."

Baba akaniangalia. Nikamweleza kwamba nilipopiga simu ofisi ya vyeti, karani aliyenihudumia aliniuliza jina jipya ni lipi, nikamwambia hakuna. Akasema sawa, ni jina zuri, akaendelea na kazi.

"Huyo hajui," Baba akasema. "Lakini kila Mkikuyu katika mji huu anajua hilo ni jina la mwanamke. Watakucheka, Maitu. Watakucheka mpaka uzeeke."

"Wacha wacheke."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Vijana wengi kama mimi huchagua jina jipya, na ninawaelewa. Mimi pia nilijaribu. Nikiwa kwenye treni nilijiita majina ya kiume kimoyomoyo, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja nililoitikia.

Baba aliinuka na kikombe chake. Akasema, "Jina hilo si langu wala si lako. Ni la mama yangu. Muulize yeye kama anataka kubebwa na mwanamume. Akikubali, nitatia sahihi. Akikataa, usiniletee karatasi hiyo tena."

Kuna njia ya kwenda mbele ya baraza la kusikiliza mashauri, bila sahihi yake. Lakini siwezi kumsimamisha baba yangu mbele ya wageni aeleze kwa nini anamwita mwanawe mama. Kwa hiyo nakuuliza wewe.

Ulinifundisha kwamba anayepewa jina la nyanya yake ni nyanya mwenyewe amerudi kuwa mdogo. Baba anaogopa kwamba cheti kikibadilika utakuwa umefutwa. Mimi naona ningekufuta kama ningechukua jina jingine. Je, Nyanya, utakubali kuwa mdogo tena, na safari hii uwe mvulana?

Ukikataa sitakuchukia. Nitangoja mpaka nifike umri wa kujitilia sahihi. Lakini tafadhali usinyamaze. Na jibu usinipe mimi. Mpigie Baba siku ya Jumapili, wakati hayuko barabarani, umwambie kwa Kikuyu, kwa maneno yako mwenyewe. Mimi nitakuwa jikoni nikijifanya nasoma.

Nisalimie Shangazi Wairimu, na Baba Mdogo Kariuki wa duka la mbegu, na binamu yangu mdogo aliyeanza shule. Msalimie pia mwalimu wangu wa darasa la tatu, kama bado mnakutana sokoni.

Mjukuu wako anayekupenda,

Nyambura