Saa ya Ujiji

Jeppestown, 12 Ramadhani 1433, baada ya Isha

Kwa jina la Allah, mwenye kuzikadiria nyakati. Amani imfikie atakayeufungua ukurasa huu.

Leo nimewalisha watu baada ya alfajiri kuingia. Adhana za misikiti ya mtaa wa Mayfair hazifiki huku. Nyumba nzima hufunga kwa kauli yangu. Simu yangu ya kugusa huonyesha saa ya Ujiji, kwetu nyumbani, nami hupunguza saa moja kupata ya huku. Nikapunguza, nikasema, "Kuleni, muda upo." Tulipofungua pazia, kulikuwa kumekucha.

"Baba, jana niliirekebisha saa ya simu yako," mkwe wangu Zuhura akasema kwa upole. "Ilikuwa mbele saa nzima."

Nimewaambia wote kwamba siku hii watailipa, na kosa ni langu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo zito zaidi.

Jioni nilijaribu kuirudisha kwenye saa ya Ujiji. Tarakimu ziliteleza kila nilipozigusa.

"Ya Ujiji ya nini tena, Baba?" Zuhura akauliza.

Niliiweka ili nijue mke wangu, aliyebaki huko, anaamka saa ngapi kula daku. Amezikwa tangu Rajabu, nami sikuwapo.

Nikaendelea kuzigusa tarakimu.

Allah akuhifadhi wewe usomaye, na watu wa nyumba yako, na wote wanaokula kwa kukuamini.