Macho ya Mama ya Liliane

Norbert, Wilfried hana haya hata kidogo.

Kabla apige video ya harusi ya Liliane nilimwambia: kuza picha kwenye kamera, hakikisha uso wa bibi harusi unaonekana wazi, kisha uzime automatique, ile ya kamera kujichagulia yenyewe kitu cha kuonyesha wazi. Akanijibu: "Automatique iko na akili kuliko we."

Leo tumepeleka video Swima, kwa mama ya Liliane. Ugonjwa ulimzuia kufika harusini Baraka. Akaitazama, akafuta miwani, akafuta tena, akamuuliza Wilfried: "Papa, mbona sura ya mutoto wangu sioni?"

Wilfried akamwambia: "Ni macho yako, mama. Imezeeka."

Macho yako! Anamwambia hivyo mama mgonjwa!

Nikafungua kinywa, lakini mama akanitangulia: "Imezeeka? Na maua ya nyuma yake, mbona naona mpaka vumbi?"