Fimbo za Walinzi na Ukumbi Uliofungwa

Jumapili jioni, mwisho wa mwezi wa tatu.
Huu ni mwaka wa saba tangu nitoke Tseikuru na begi alilonipa marehemu baba.

Dada yangu Mwikali, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje, lile la kushoto lililokutesa wakati wa palizi? Mvua imeshika au ni yale mawingu ya kudanganya watu wapande mara mbili? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa mgongo. Mgongo wangu umebeba viti vya watu hadi najua uzito wa kila kiti kabla sijakigusa.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Juzi ulipanda mpaka kwenye mwamba nyuma ya kanisa kutafuta mtandao, nikasikia upepo zaidi ya sauti yako. Nilichoshika ni hiki: walinzi wetu wa mifugo wanataka kuunganishwa na wa vijiji vingine, toka Nuu mpaka huko kwetu, wawe kikosi kimoja chenye ofisi yake mbali, na wewe unatakiwa kutoa jibu la akina mama. Nilipoanza kukueleza ninayoyaona huku, ukanikatiza: "Kyalo, mimi nakuuliza ya mbuzi, wewe unanijibu ya Ulaya!" Kisha laini ikakatika. Basi barua hii nimempa Ruth, yule muuguzi wa kanisa letu la huku, anakuja likizo kwao Mwingi. Ameahidi kuifikisha mkononi mwako.

Dada, safari hii, ya mbuzi na ya Ulaya ni mambo yale yale. Soma polepole. Macho yakichoka mpe Musyoka akusomee. Yeye ni mwanao na ni mlinzi, kwa hiyo yanamhusu kuliko sisi sote.

Kazi yangu unaijua, kusafisha na kupanga viti katika jengo wanamokutana wabunge wa nchi kadhaa. Sijawahi kukueleza wanakutana kufanya nini, kwa sababu hata mimi nilichukua muda kuelewa. Shule niliachia darasa la saba. Ni hivi. Zamani nchi hizo zilifanya chama cha kulindana, ukimgusa mmoja umewagusa wote. Chama kikawa na majenerali na maofisa wake. Kando yao wakawekwa wabunge, kila nchi ikituma wa kwake, na kazi ya wabunge hao ilikuwa kuuliza. Askari wetu mmewapeleka wapi? Kwa nini? Nani ameumia? Hawakuwa na amri ya kumtuma askari hata mmoja. Walikuwa na swali, na mkubwa wa ulinzi alilazimika kuja kusimama mbele yao ajibu.

Sasa kuna jumuiya nyingine, kubwa zaidi, yenye nchi nyingi na ofisi nyingi. Wakubwa wakaona hakuna haja ya majiko mawili katika boma moja. Kazi ya ulinzi ihamie kule kwenye jumuiya kubwa, chama kidogo kifungwe. Kusema ukweli, hilo peke yake si baya. Kinachoumiza ni namna walivyohama.

Hapo mlangoni tuna mzee anaitwa Anselmo, Mreno, ndiye anayepiga kengele kuwaita wabunge waingie. Yeye ndiye aliyenifundisha mji huu na maneno yake. Siku moja tunakunywa kahawa akaniuliza, "Kyalo, kwenu mtu akihama hubeba nini kwanza?"

"Mtungi wa maji," nikamwambia, "na jiko."

"Hawa wamebeba bunduki kwanza. Maswali wameyaacha ukutani kama picha. Wanasema watarudi kuyachukua."

"Watarudi?"

"Wewe ulisema utarudi kwenu lini?"

Nikacheka, nikabeba vikombe kwenda kuviosha.

Wabunge wenyewe walibishana wiki nzima. Wengine walisema, hakuna shida, jumuiya kubwa ina bunge lake, litauliza. Wengine wakajibu kwamba askari ni wa nchi yake, na anayempeleka mtoto wa mtu vitani ni serikali ya kwao, basi wabunge wa nyumbani ndio wenye haki ya kuuliza. Na wakiuliza kila mmoja peke yake kwao, hawatajua mwenzao aliambiwa nini. Hilo la mwisho liliniingia, dada. Mlinzi wa pamoja anaweza kumwambia mtu wa Nuu hivi na mtu wa Tseikuru vile, na wote wawili wakalala wakidhani wameambiwa ukweli.

Sasa nikueleze aibu yangu, ucheke kidogo kabla sijaendelea.

Siku ya mwisho ya maswali alikuja jenerali mmoja mzee aliyehusika na uhamisho huo. Mguu wake mmoja ni mbovu, anatembea na mkongojo mweusi. Aliingia kwa mlango wa pembeni nilipokuwa napanga glasi za maji. Mimi nilimwona mlinzi, anakuja kuulizwa mbele ya watu, ameshika fimbo. Mkono wangu ukafanya kazi kabla ya akili. Nikaupokea ule mkongojo kwa heshima, mikono miwili, nikaulaza sakafuni mbele ya meza, kichwa chake kikielekea kwa watu, vile vile tunavyofanya hapo nyumbani.

Msimamizi wetu, Madamu Klara, alitoka mbio huku mkono uko kifuani. "Kyalo! Umemnyang'anya jenerali mkongojo wake!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja mbunge akapaza sauti kutoka nyuma, "Ameshanyang'anywa silaha, haya tuanze!"

Jenerali alikuwa ameshika meza asianguke. Akaniangalia. "Kwa nini umeuweka chini?"

Nikamjibu kwa lugha yangu ya kuokoteza, "Kwetu mlinzi akija kuulizwa huweka fimbo chini, mzee. Akimaliza kujibu, wenye mifugo humrudishia."

"Na wasiporidhika?"

"Anaenda nyumbani bila fimbo."

Alicheka mpaka akakohoa. Madamu Klara akainama kuuokota, jenerali akamzuia. "Uache hapo." Akaketi, akanyoosha mguu wake mbovu, akaulizwa asubuhi yote. Mengine aliyajibu, mengine aliyazunguka kama mtu anayekwepa dimbwi.

Alipomaliza akasimama, akautazama mkongojo pale chini. Hawezi kuinama. Akangoja. Wabunge walikuwa wanakusanya karatasi zao, wanaongea, wanatafuta makoti. Hakuna hata mmoja aliyeshuka kumrudishia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni kazi yake. Mwishowe nikaenda mimi, nikauokota, nikampa. Akasema asante, akaondoka.

Hapo ndipo moyo uliponiuma, Mwikali. Mimi si mbunge. Sina ng'ombe katika boma lile. Si mimi niliyepaswa kumrudishia.

Baadaye wakapiga kura, ukumbi ufungwe. Hawakuachwa mikono mitupu kabisa. Wameahidiwa kwamba wabunge wa nchi zote watakuwa wakikutana mara chache kwa mwaka, leo nchi hii, kesho nchi ile, kuuliza mambo ya ulinzi pamoja na wale wa bunge la jumuiya kubwa. Lakini nyumba yao wenyewe hawatakuwa nayo, wala watu wa kuwatayarishia kazi. Nilimuuliza Anselmo kama hiyo haitoshi. Akasema, "Ni afadhali kuliko kukosa. Lakini mgeni huuliza kwa adabu. Mwenye nyumba huuliza anavyotaka." Kisha akaenda kupiga kengele yake ya mwisho. Aliipiga muda mrefu kuliko kawaida, na walioisikia tulikuwa sisi wafagiaji tu.

Tangu hapo nabeba viti kutoka ukumbini hadi kwenye lori. Vikiisha, na kazi yangu imeisha.

Dada, kila kiti nilichobeba nilikumbuka siku ile ya Musyoka. Sikuwepo, lakini uliponisimulia kwa simu nilikaa chini kwenye ngazi za watu nikalia. Alikutana na mchungaji wa ngamia alfajiri, akadhani ni mwizi, akampiga rungu la bega. Kumbe mtu wa watu anatafuta ngamia wake aliyepotea. Ndugu zake wakakusanyika ng'ambo ya mto wa mchanga, wamekasirika, na wetu wakakusanyika ng'ambo hii, kila mmoja na upinde wake. Siku hiyo ingemwagika damu.

Lakini ilikuwa siku ya mwethya, kazi yetu ya kijiji kizima, watu walikuwa wameshafika kubeba mawe ya bwawa la mchanga, na kanuni yetu ni ile ile ya tangu enzi za nyanya: aliyebeba jiwe ana neno. Musyoka akaitwa, akalaza fimbo chini. Watu wakakuangalia wewe, wakidhani mama atanyamaza. Ukasimama na vumbi la mawe mikononi.

"Musyoka, ulimuuliza jina kabla ya kumpiga?"

"Hapana, mama."

"Hapa usiniite mama. Wajibu watu."

Akawajibu. Fimbo yake ikakaa kwa akina mama msimu mzima, na wewe mwenyewe ukamshika mkono mkavuka naye mto, mbele mkiwa na beberu wa fidia, mpaka kwa wazee wa wale wachungaji. Walikupa maziwa ya ngamia, ukaniambia yana chumvi lakini uliyamaliza yote. Musyoka yuko hai kwa sababu ya swali lako. Na yule mchungaji pia yuko hai.

Sasa Musyoka ataenda kwenye kikosi cha pamoja. Naskia watapewa redio, na wengine bunduki. Akikosea tena, atalaza fimbo mbele ya nani?

Sikwambii mkatae. Wezi wa siku hizi wana pikipiki, wanavuka vijiji vitatu kabla jogoo hajawika mara ya pili, na kijiji kimoja chenye marungu hakiwezi kuwafikia. Walinzi na waungane. Lakini wasiondoke kwanza halafu mkaambiwa ya maswali tutaangalia baadaye. Yasemwe siku hiyo hiyo, mbele ya watu wote: watakuja kuulizwa wapi, na kila baada ya muda gani, na nani ana haki ya kusimama. Wenye mifugo wa Nuu na wa kwetu wakae mkutano mmoja, wasikie jibu moja. Na mkutano huo uwe na mahali pake, hata kama ni mwamba na kivuli cha mgunga, msiwe mnaalikwa ofisini kwao mkipewa soda. Ukipewa soda na mtu huwezi kumuuliza vizuri.

Wakikwambia unachelewesha maendeleo, waambie ndiyo, unachelewesha kidogo.

Ningependa kuyasema haya mwenyewe nikiwa nimesimama hapo. Ndilo linalonisumbua kuliko mgongo. Najua kuna mtu atauliza, "Huyu Kyalo amebeba jiwe gani?" Na atakuwa na haki. Tangu niondoke bwawa limeongezwa urefu mara kadhaa na sina jiwe hata moja humo. Nilituma salamu, nilituma viatu vya watoto, jiwe sikubeba. Kwa kanuni yetu sina neno. Kwa hiyo barua hii usiisome mkutanoni kama maneno yangu. Yachukue yawe yako. Wewe una mawe ya kutosha.

Nimekosa mengi, dada. Nimekosa mazishi ya baba, nimekosa harusi yako ya kanisani, na watoto walionijua sasa wananijua kwa sauti. Nilidhani nikikaa huku nitajifunza kitu kikubwa cha kuwaletea. Nilichojifunza ni kile mlichokuwa nacho tayari, na nimekijifunza kwa kuona wengine wakikipoteza.

Nisalimie shemeji, mwambie ule mzinga wake wa nyuki asiuhamishe mpaka nifike. Nisalimie shangazi anayeuza kunde sokoni, na mchungaji wetu wa kanisa na mkewe. Ndugu yetu mdogo wa Kibwezi mpigie, mwambie naskia matikiti yake yanafika mpaka Mombasa na mimi sijawahi kuonja hata moja. Mwambie Musyoka mjomba wake hana hasira naye. Mwambie pia kwamba fimbo iliyorudishwa na akina mama ni nzito kuliko bunduki ya ofisini, na ajitahidi kuistahili.

Viti vya ukumbi vitaisha kabla ya Pentekoste. Nitafika mwezi wa sita, mbaazi zikiwa bado mbichi mtini. Najua mkutano wa walinzi utakuwa umeshapita, na lililoamuliwa limeamuliwa. Siku ya kwanza ya mwethya usinipikie, usiniite kwenye kiti cha wageni. Nibebeshe jiwe, tena kubwa. Nikishalitua pale bwawani nitageuka niangalie kama walinzi wamekuja, na kama fimbo zao ziko chini, nami nitauliza langu.

Ni mimi ndugu yako,
Kyalo