Saba na Kitu

Jumatatu, 3 Juni

Barua kutoka utumishi. Ukurasa mmoja, mihuri miwili. Kila mwandishi awe na cheti cha sekondari chenye ufaulu wa hesabu. Asiye nacho afanye mtihani tarehe 20. Akianguka, anahamia dawati la matangazo — kupanga tanzia na nyumba za kupangisha.

Miaka ishirini na sita naripoti mahakamani. Leo nahukumiwa kwa somo nililoanguka nikiwa na miaka kumi na saba!

Mhariri kasema hana la kufanya. Alisema akiangalia dirisha.

Jumamosi, 8 Juni

Mtoto wa dada yangu anafundisha hesabu. Kaja na chaki, kana kwamba kwangu kuna ubao. Tumeandika kwa kalamu nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Asilimia naijua, wanasiasa wamenifundisha. Tumekwama kwenye vipeuo vya pili. Cha 49 ni 7, kwa kuwa 7 mara 7 ni 49. Cha 64 ni 8. Safi. Cha 50?

Nikasema hakipo.

"Kipo, mama mdogo. Ni saba na kitu."

Saba na kitu! Ningempelekea mhariri habari ya "saba na kitu" angenirudisha mlangoni.

Njia yake: kisia 7. Gawanya 50 kwa 7, unapata 7.14. Ile imepungua, hii imezidi, basi chukua wastani: 7.07. Ukitaka kukaribia zaidi, rudia.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia shahidi mmoja akisema mwizi aliingia saa saba, mwingine akisema saa nane, siandiki saa saba na nusu. Kaniuliza kama namba nazo huapishwa. Mjeuri. Kamrithi mama yake.

Jumanne, 11 Juni

Mazoezi kumi. Mawili sahihi.

Kipeuo cha pili cha 30 nimeandika "kati ya 5 na 6" na kukipigia mstari. Kweli tupu, hakuna wakili angeipinga. Sifuri.

Ofisini, Bwana Koma kaliona daftari. Ndiye anayenyoosha na kufupisha habari zetu kabla ya kuchapwa. Hajawahi kukutana na sentensi asiyoichomekea koma. Kasema ng'ombe hazeeki maini, lakini ubongo hakuna aliyeutaja. Chumba kizima kikacheka. Nami kidogo.

Ijumaa, 14 Juni

Kesi ya kaka, dada na ukuta. Baba yao alimwachia binti kiwanja cha mraba, mita za mraba 50. Kaka kajenga ukuta mpakani. Mpima ardhi kashuhudia: kila upande ulipaswa kuwa mita 7.07. Sasa dada kabakiwa na mita 7 upande mmoja. Sentimita saba zimeliwa.

Wakili wa kaka akamkazia: hiyo 7.07 ndiyo hasa? Hapana, akajibu bila kupepesa. Inapungua kidogo — kwa chini ya milimita mbili.

Wakili akakaa. Hakuna la kumuuliza mtu anayetaja kosa lake mwenyewe na ukubwa wake. Nimeinakili kauli yake neno kwa neno.

Jumamosi, 15 Juni

Gazetini: "kila upande mita 7."

Koma! Kafupisha. Eti desimali zinakula nafasi. Kwa mita 7, kaka hajachukua kitu na dada ni mwongo.

Saa tatu asubuhi yule dada kapiga simu. Hakupaza sauti. Kauliza tu, "Na wewe pia uko upande wake?"

Masahihisho yanatoka Jumatatu. Ya kwanza kwenye habari yangu kwa miaka tisa. Koma kaomba radhi, alidhani ile 0.07 ni takataka.

Jumatatu, 17 Juni

Masahihisho. Ukurasa wa nne, chini kabisa, mstari mmoja na nusu. Koma mbili.

Jumatano, 19 Juni

Mtihani wa majaribio, mtoto wa dada kaweka saa mezani. Kipeuo cha pili cha 20, sehemu mbili za desimali. Kisio 4. 20 kwa 4 ni 5. Wastani 4.5. Nikarudia: 4.472. Nikarudia: 4.47213 na ushee. Nikarudia. Karatasi ikajaa. Maswali sita sijayagusa.

"Mama mdogo, wamekuomba mbili!"

Nikamwambia sitaki kukata kama Koma. Kapiga meza, chai ikamwagika. Koma alikata bila kuulizwa, akasema, wewe umeulizwa. Andika mbili, nenda mbele, faulu, urudi mahakamani kwako. Elimu haina mwisho.

Nikamjibu namba hii nayo haina. Hakucheka. Kasema ukianguka kesho, tanzia ya kwanza utakayopanga ni ya kwako.

Alhamisi, 20 Juni

Mapumziko kati ya karatasi mbili. Benchi la nje, mkabala na bomba linalovuja. Watahiniwa wengine ni rika la wanangu. Mmoja kanipa shikamoo akidhani mimi ndiye msimamizi. Nikaitikia.

Swali la saba: kipeuo cha pili cha 90, sehemu mbili. Kisio 9. 90 kwa 9 ni 10. Wastani 9.5. 90 kwa 9.5 ni 9.474. Wastani 9.487. Nikaandika 9.49. Dakika nne! Nikamaliza maswali yote na muda ukabaki.

Ndiyo shida, muda kubaki. Nikakagua: 9.49 mara 9.49 ni 90.0601.

Mtoto wa dada kapiga simu sasa hivi. Nikamtajia jibu. Kashangilia mpaka nikaiondoa simu sikioni. Kisha akauliza, polepole, kama nimeandika hivyo tu.

Nikamwambia bomba la hapa linavuja.

"Mama mdogo. Umeongeza nini?"

Mstari mmoja, chini ya jibu: "Si kamili. Imezidi, kwa chini ya 0.004."

Nikasikia darasa lake likipiga kelele nyuma. Mwishowe kasema msahihishaji akiwa kama yule mpima ardhi, nimepona. Akiwa kama Koma —

Kengele. Msimamizi anaita majina. Ufutio wangu uko mfukoni, mpya, hata kona haijalika.