Kaseti ya ruracio ya Caroline

Beth, nimetoka kwa Njiru na mkewe Caroline hapa Majimbo sasa hivi.

Babake Caroline tumemzika jana. Leo familia wakataka kumwona kwa ile kaseti ya video ya ruracio, sherehe yao ya mahari ya 1996, akiwabariki.

Ikatokea sinema ya kung fu. Picha zenyewe giza, mwanga, giza. Kung fu, Beth.

Kile kiplastiki cha nyuma ya kaseti kilikuwa kimevunjwa ili mtu asirekodi juu yake. Mwaka wa 97 Njiru akaziba hapo na selotepu, akanakili juu yake sinema ya kukodi. Nayo ilikuwa na kinga ya kuzuia kunakiliwa, ndiyo ikatoka imeharibika.

Miaka yote ameomba deki zote za video za Embu zife, kaseti isichezwe. Leo shemeji akaleta moja kutoka Runyenjes.

Caroline hakulia. Alimuuliza tu, "Na hiyo sinema, angalau uliiona?"

Njiru akasema haikuonekana.