Tangazo la Tatu la Ndoa ya Denis

Tata mpendwa, baba yangu uliyelala kando ya migomba,

Kaa vizuri huko uliko, maana salamu zitangoja. Denis anaoa! Kitinda mimba wako, yule waliyesema hakuna mzazi atakayempa binti, anaoa Jumamosi hii. Tangazo la tatu limesomwa leo kanisani, na yaliyotokea hapo hutaamini. Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Lakini acha nianze mbali kidogo, ili uone Mungu alivyotuzungusha.

Unaikumbuka ile jioni jumuiya yetu ndogo ilipokuja kusali kwetu? Denis alikuwa darasa la tano. Tulikuwa katikati ya rozari alipoanguka, macho yakageuka, mwili ukamkakamaa. Ulipiga magoti karibu naye mpaka akatulia. Ulipoinua kichwa, mabenchi yalikuwa matupu. Watu waliamini kwamba ukigusa mate ya mwenye kifafa, nawe umekwisha. Wa kwanza kutoka alikuwa Mzee Ondieki, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, na goti lake bovu lile! Siku hiyo goti halikumuuma hata kidogo.

Jumuiya husali nyumba kwa nyumba, kwa hiyo zamu yetu ilirudi. Hakuja mtu. Huyu ana mgeni, yule ana homa, mwingine ng'ombe wake anazaa. Wewe ukapanga mabenchi yote vilevile, ukaanza rozari kwa ile sauti iliyofanya kwaya ikukatae. Mama alikuwa amekasirika mpaka akashindwa kuitikia.

"Unasalisha mabenchi?" akakuuliza.

"Angalau haya hayakimbii," ukamjibu, ukaendelea.

Kisha ukafika kwenye maombi ya majirani. Tata, ulikuwa na vituko! Ulikuwa ukigeukia uani na kuwataja mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. "Tumwombee Ondieki, goti lake lipone! Tumwombee mke wake, safari yake ya Kisii iwe njema!" Sisi watoto tulijificha nyuma ya mlango tukibana vicheko. Zamu kwa zamu, mwaka kwa mwaka, hukuacha. Niliona ni ukaidi tu, na kusema kweli, ukaidi ulikuwapo.

Shangazi alipokuja na habari za mhubiri wa Keroka aliyekuwa akifukuza pepo wa kifafa, ulimmiminia chai, ukamsikiliza mpaka mwisho. "Mtoto hana pepo," ukasema. "Ana ugonjwa, na ugonjwa una dawa." Denis naye alipotaka kuacha vidonge kwa kuwa wewe ulikuwa ukimwombea, ulicheka. "Kuomba nitaomba, lakini Mungu hatakumezea kidonge."

Sikusahau pia ile asubuhi nilipokukuta nyuma ya jikoni, rozari mkononi, machozi yakikutoka. Walikuwa wamemrudisha Denis kutoka shuleni kwa sababu wenzake hawakutaka kukaa naye dawati moja. Nilikuuliza kama unasali. "Hapana," ukasema. "Namwambia Mungu kwamba amechelewa." Halafu ukajifuta uso, ukaenda kuchuma chai. Nilikupenda zaidi siku hiyo kuliko siku zote ulizokuwa jasiri.

Sasa sikia ya leo. Moraa ni msichana wa Suneka, mrefu, mcheshi, ana kicheko cha kuamsha kuku. Denis alimwambia ugonjwa wake mapema, naye akamwambia baba yake. Ukoo wao ulituma esigani, yule mshenga wa mila yetu wa kuchunguza familia kabla ya mahari, naye akarudisha jibu zuri. Lakini mjomba wa Moraa hakulala. Aliapa kwamba siku ya tangazo la tatu, padri atakapouliza kama kuna anayejua kizuizi cha ndoa hii, atasimama aseme kifafa mbele ya watu wote. Baba yake Moraa, mtu wa heshima zake, naye akasema wazi: ukoo wake ukiaibishwa kanisani, binti haolewi kwetu tena. Wiki nzima Denis hajala vizuri.

Leo mjomba alikuja kweli, akakaa nyuma kabisa, suti nyeusi kana kwamba amekuja mazishi. Padri akasoma majina. Akauliza swali lake. Mama akanishika mkono akaniumiza. Na mtu akasimama!

Ila hakuwa mjomba. Alikuwa Mzee Ondieki. Padri wetu ni mgeni hapa, na kila mtu anajua kizuizi hupelekwa kwa paroko faraghani, lakini mzee alisimama kama yuko kwenye baraza la chifu, akaegemea fimbo, akakohoa.

"Fadha, mimi najua kitu. Huyu kijana ako na kifafa."

Tata! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimi nilikimbia hiyo boma juu ya hiyo kifafa," akaendelea. "Nikakaa kwangu. Na babake akawa ananiombea huko kwa ua, kwa jina, miaka yote, mpaka nikaona haya ya kwenda choo jioni. Huyo kijana ndiye hunilimia saa hii. Sijaambukizwa kitu. Sasa kama kuna mtu amekuja hapa kusema kifafa, imeshasemwa. Akae tu."

Padri akamuuliza polepole, "Kwa hiyo mzee, hicho ni kizuizi?"

"Si kizuizi, Fadha. Ni habari ya zamani."

Kicheko kilichopasuka! Makofi, vigelegele, katekista akijaribu kutunyamazisha na yeye mwenyewe akicheka. Mama alicheka mpaka akalia, mama ambaye tangu tukuzike hucheka kwa midomo tu. Mjomba alikuwa amenyanyuka nusu. Akajifanya anarekebisha koti, akaketi.

Nimefurahi, Tata, na nimeumia kidogo, maana ulikwenda ukiwa hujui kwamba kuna mtu aliyekuwa akisikiliza.

Baada ya misa, baba yake Moraa alimfuata Denis pale nje. Alimtazama kutoka viatu mpaka kichwani, kisha akauliza taratibu, "Jumamosi, ukianguka pale mbele, tufanye nini?"

Denis akamjibu, "Mnilaze ubavu, baba. Mnilegeze tai, mngoje. Nikiamka tunaendelea na misa."

Baba yake Moraa akamwekea mkono begani.

"Sawa, mwanangu. Tutangoja."

Lala salama, Tata. Nakwenda kupiga suti ya bwana harusi pasi.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Kemunto